Namna ya Kutunga Wimbo wa Tangazo la Biashara, Tukianzia Stendi ya Mtwara

Anayesimama stendi ya mabasi Mtwara saa kumi na mbili asubuhi huzisikia biashara kabla hajamwona muuzaji hata mmoja. Muuza kahawa hasemi neno. Anagonganisha vikombe viwili vidogo kiganjani, na mlio ule mkavu unawafikia wateja walio ng'ambo ya barabara. Kijana wa korosho anaivuta irabu ya mwisho ya jina la bidhaa yake mpaka pumzi inamwishia. Muuza dagaa amefunga spika ndogo kwenye baiskeli, nayo inarudia maneno yaleyale machache tangu alfajiri. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka wimbo wa tangazo kwa ajili ya duka, kikundi au huduma yake, uwe wa kurushwa redioni, kwenye gari la matangazo au kwenye spika ya mezani. Watu wa redio huuita jingo. Nimechagua kuufundisha kwa kufuata historia yake, kwa sababu kanuni za kazi hii zilizaliwa na shida za wauzaji halisi waliotaka bidhaa zao zitoke, na anayeijua shida iliyoizaa kanuni huitumia kanuni hiyo vizuri kuliko aliyeikariri.

Kazi ya kwanza ni kusikiliza

Usiguse kalamu kwanza. Tumia juma zima kusikiliza na kuandika miito ya wauzaji wa mahali pako: wa samaki pale feri, wa mboga sokoni, wa maji ya baridi wanaokimbilia madirisha ya mabasi ya kwenda Masasi na Newala. Andika maneno yenyewe, hesabu silabi zake, kisha uweke alama mahali sauti inapopanda na mahali inapovutwa. Utagundua kwamba miito inayofanya kazi ni mifupi mno, kwamba kila mmoja hutaja kitu kimoja tu, na kwamba muuzaji habadilishi hata nota moja ya sauti yake siku hadi siku, kwa sababu wateja wake humtambua kwa sauti kabla ya kumtambua kwa sura.

Huo ndio mzizi wa wimbo wa tangazo duniani kote. Wachuuzi wa miji ya Ulaya walikuwa na miito yao ya kuimba karne nyingi kabla ya redio, kiasi kwamba katika karne ya 16 watunzi wa muziki wa Ufaransa waliichukua miito ya mitaa ya Paris na kuitungia nyimbo za sauti nyingi. Sisi wa kusini hatuna sababu ya kuiona historia hii kuwa ya wengine. Neno machinga, ambalo nchi nzima hulitumia kwa mfanyabiashara wa kutembeza bidhaa, hunasibishwa na Wamachinga wa Lindi, yaani watu wa huku huku. Na kabla ya machinga wa leo palikuwa na mbiu. Methali husema la mgambo likilia kuna jambo, na mpangilio wake ni somo tosha kwa mtunzi: pembe hulia kwanza, watu wakageuza masikio, ndipo maneno yakafuata. Muuza kahawa anafanya hivyohivyo kwa vikombe vyake, isipokuwa mteja wake ameshazoea kiasi kwamba maneno hayahitajiki tena.

Kwa hiyo katika daftari lako tenga ukurasa mmoja kwa ajili ya mlio usio na maneno. Ni mlio gani tayari unatoka katika kazi yako? Cherehani inao, kinu kinao, na nyundo ya fundi bati inao. Mlio wa simu za Nokia, uliokuwa ukisikika katika kila daladala miaka ile, ni nota chache tu zilizotolewa kwenye muziki wa gitaa wa Mhispania Francisco Tárrega wa mwaka 1902, lakini ulitosha kumfanya kila mtu apapase mfuko wake. Sekunde mbili za mlio wa kazi yako mwenyewe, zikiwekwa mwanzoni mwa wimbo, zinafanya kazi ya pembe la mgambo.

Chagua jambo moja

Hapa ndipo watu wengi hukosea, nami nitakaa hapa kwa muda.

Tangazo la kwanza la redio lililolipiwa ambalo hutajwa sana lilirushwa na kituo cha WEAF cha New York tarehe 28 Agosti 1922. Lilikuwa hotuba ya takriban dakika kumi, mtu akisifia nyumba za kupangisha katika eneo la Queens. Wakati ule wengi Marekani waliona ni utovu wa adabu kwa redio kuingiza biashara sebuleni mwa watu, na makampuni yakawa yanatafuta njia ya kutajwa bila kuonekana yanapiga kelele ya kuuza. Muziki ukawa njia hiyo, kwa kuwa mgeni anayeimba hufukuzwa kwa shida kuliko mgeni anayehubiri.

Miaka minne baadaye, mkesha wa Krismasi wa 1926, wanaume wanne waliimba katika kituo cha WCCO mjini Minneapolis wimbo mfupi kuhusu nafaka ya kifungua kinywa iitwayo Wheaties. Wimbo ule uliuliza tu kama msikilizaji ameshaionja. Kituo kilikuwa cha kampuni iliyotengeneza nafaka hiyo, na sauti ya wimbo ilichukuliwa kwenye wimbo wa dansi uliokuwa ukipendwa. Kwa kawaida huo ndio huhesabiwa kuwa wimbo wa kwanza wa tangazo kuimbwa redioni. Kilichoufanya ukumbukwe hasa ni hesabu: mwaka 1929, kampuni ilipokuwa ikifikiria kuiacha bidhaa hiyo kwa sababu haiuziki, msimamizi wa matangazo, Sam Gale, alionyesha kwamba kati ya maboksi 53,000 yaliyouzwa, 30,000 yaliuzwa katika eneo la Minneapolis na jirani yake St. Paul, mahali pekee wimbo ule ulipokuwa ukisikika. Bidhaa haikuachwa, wimbo ndio ulipelekwa nchi nzima.

Hotuba ya dakika kumi ilikuwa na mambo mengi, wimbo ulikuwa na swali moja. Nilijifunza hili kwa uchungu nilipoombwa na kikundi cha akina mama wa Mikindani wanaobangua na kukaanga korosho niwasaidie kutunga wimbo wao wa kwanza. Tuliweka kila kitu: jina la kikundi, mwaka wa kuanzishwa, faida za korosho mwilini, aina tatu za vifungashio, namba ya simu na shukrani kwa viongozi. Ulikuwa na mistari kumi na miwili na uliimbwa vizuri. Baada ya majuma matatu ya kuurusha, tuliwauliza wateja waliokuwa wakiusikia kila siku, na hakuna aliyeweza kutaja hata mahali korosho zinapouzwa. Tukakaa chini upya, kila mwanakikundi akaulizwa: mteja akisahau yote, unataka abaki na nini? Walijibu kwa sauti moja kwamba wanataka ajue meza yao iko wapi, kwa sababu stendi ina meza nyingi za korosho na yao iko pembeni. Basi wimbo wa pili ulihusu meza ya kona, na hauna lingine.

Jambo moja si lazima liwe mahali. Mwaka 1939 Pepsi-Cola ilikuwa inauza chupa ya aunsi 12 kwa senti tano, wakati mshindani wake mkubwa alikuwa akiuza chupa ya karibu nusu ya hiyo kwa bei hiyo hiyo. Wimbo wao ulisema hilo tu, kwa sauti ya wimbo wa zamani wa wawindaji wa Uingereza, na ulipendwa hata ukawekwa kwenye mashine za kupigia santuri katika migahawa. Hata hivyo, bei ile haikuweza kudumu baada ya Vita Kuu ya Pili, na wimbo ukapoteza nguzo yake. Sisi tunaoishi kwa korosho, ambazo bei yake hubadilika kutoka mnada mmoja hadi mwingine, tusitie bei ndani ya wimbo. Bei isemwe kwa maneno ya kawaida baada ya wimbo, ili siku ikibadilika ubadilishe maneno hayo na kuuacha wimbo ulivyo.

Wimbo ninaoupenda kuliko wote katika historia hii ni ule wa ndizi za Chiquita wa mwaka 1944. Wamarekani wengi hawakujua ndizi huliwa ikiwa imeiva kiasi gani, na waliziweka kwenye friji zikaharibika. Wimbo uliwafundisha kwamba ndizi yenye madoa ya kahawia imeiva vizuri na kwamba isiwekwe kwenye friji. Muuzaji alifaidika, lakini mnunuzi naye aliondoka na elimu ya kutumia jikoni. Fikiria kuna mambo mangapi ya namna hiyo huku kwetu: jinsi ya kuhifadhi korosho zisipoteze ukavu wake, jinsi ya kumtambua samaki aliyelala, wakati unaofaa wa kupulizia mikorosho salfa. Ukiwa na bidhaa ambayo mteja anaiharibu kwa kutojua, hilo ndilo jambo lako moja.

Maneno: tumia mizani tuliyorithi

Mtunzi wa Kiswahili ana bahati ambayo watunzi wa WCCO hawakuwa nayo. Sikio la msikilizaji wake limeshalelewa na mashairi, na kipande cha mizani nane hulikaa vizuri bila kulichosha. Tunga mistari minne ya mizani nane, mitatu ya kwanza iwe na kina kimoja, na wa nne uwe kibwagizo chenye lile jambo lako. Wimbo wa kikundi cha Mikindani ulikuwa hivi:

Korosho za Mikindani,
Moto moto mkononi,
Ukifika kituoni,
Uliza meza ya kona.

Hesabu mwenyewe na utapata nane katika kila mstari, ukikumbuka kwamba "m" ya "mkononi" ni silabi kamili. Kina cha "-ni" kinajenga matarajio mara tatu, halafu mstari wa nne unayavunja. Sikio linashtuka kidogo, na neno "kona" ndilo linalobaki. Kwa sababu hiyo jambo muhimu lisiwekwe katika mstari wa kwanza. Mstari wa kwanza kazi yake ni kutaja bidhaa.

Baada ya kuhesabu mizani, angalia mkazo. Kwa kawaida Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na muziki nao una mapigo mazito na mapigo mepesi. Silabi yenye mkazo ikiangukia pigo jepesi, neno huonekana kama linatamkwa na mgeni. Kuna maneno ambayo huharibika kabisa. Fundi mmoja wa pikipiki wa Lindi aliimbiwa kwamba "tunatengeneza barabara", akikusudia kwamba kazi yake ni ya uhakika, ambapo mkazo hukaa kwenye silabi ya pili, yaani "ba-RA-ba-ra". Sauti ya wimbo iliivuta silabi ya tatu, na wasikilizaji wakaelewa kwamba anajenga njia za magari. Alilazimika kulipia kurekodi upya. Mistari ya mizani nane ina faida moja hapa: neno la mwisho likiwa na silabi mbili au zaidi, mkazo wake karibu daima huwa kwenye mizani ya saba, kwa hiyo weka pigo zito hapo katika mistari yote minne na nusu ya kazi imekwisha. Mwanzo wa mstari ndio unaotaka uangalifu. "Ukifika" ina mkazo kwenye mizani ya tatu, "korosho" kwenye ya pili. Tulichofanya ni kuanza mstari wa kwanza kwa kuirefusha "ro", kama kijana wa stendi anavyoirefusha irabu yake, na mapigo yakakaa sawa.

Sauti ya wimbo

Watunzi wa zamani hawakuona aibu kuazima sauti iliyokwisha kuzoeleka. Wheaties waliazima, Pepsi waliazima. Wakati mwingine kampuni iliukuta wimbo tayari umeitaja bidhaa yake: wimbo wa mapenzi kuhusu gari la Oldsmobile, uliotungwa na Gus Edwards na Vincent Bryan mwaka 1905, ulianza kama wimbo wa kawaida wa kuuzwa madukani, na kampuni ya magari ikaja kuutumia kujitangaza. Kwa wimbo wa Coca-Cola wa mwaka 1971 safari ilikwenda kinyume: wimbo huo, ambao wazo lake lilimjia Bill Backer ndege yake ilipozuiwa na ukungu na kutua Shannon, Ireland, ulipendwa kiasi cha kurekodiwa upya bila jina la kinywaji na kupigwa kama nyimbo nyingine za redio.

Kuazima kuna mipaka yake, hata hivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na ofisi ya COSOTA ndiyo inayoshughulikia haki hizo; kuchukua kibao cha bongo fleva kinachovuma na kukibadilisha maneno bila ruhusa ni kosa, hata kama duka lako ni dogo na liko Nanyamba. Makampuni makubwa hulipia nyimbo zinazovuma au kumkodi msanii mwenyewe, na desturi hiyo, iliyopata nguvu Marekani kuanzia miaka ya 1980, imezipunguzia nafasi nyimbo za kutungwa maalum kwa bidhaa. Mwenye meza ya korosho hana haja ya kufuata njia hiyo.

Sauti za ngoma zetu ni hazina iliyo wazi zaidi. Mapigo ya sindimba yanatambulika kila kijiji cha Umakonde, na mpigaji ngoma mzuri anaweza kukupa pigo la mistari minne kwa dakika chache. Naomba tu jambo moja liheshimiwe kwa dhati: nyimbo za jando na unyago zisiguswe. Zina wenyewe na zina mahali pake, na mzee atakayeisikia sauti ya mafunzo ya mwali ikiuza sabuni ataumia, nawe utakuwa umepoteza zaidi ya mteja mmoja. Kama huna uhakika sauti fulani inatoka wapi, muulize mtu mzima wa mtaani kabla ya kurekodi.

Njia ambayo nimeiona ikifaulu mara nyingi ni kurudi kwenye lile daftari la juma la kwanza. Chukua mwito wa muuzaji wako mwenyewe, ule anaouita bila kufikiri, uimbe taratibu, na utakuta tayari una nota tatu au nne zenye mpangilio. Wimbo wa Mikindani ulitoka kwenye mwito wa mama mmoja wa kikundi, na ndiyo maana hakuna aliyehitaji kufundishwa kuuimba.

Kurekodi na kupeleka hewani

Redio nyingi huuza nafasi ya sekunde 30. Kwa mwendo wa mapigo 100 kwa dakika, mstari wa mizani nane ukichukua mapigo manne, mistari minne hutumia takriban sekunde kumi. Imba mara mbili na utabakiwa na sekunde kumi za mtu kusema bei, saa za kufungua na mahali, huku ngoma ikiendelea kwa sauti ya chini. Usijaze sekunde zote kwa maneno. Kama huna fedha ya studio, simu nzuri ndani ya chumba chenye magodoro na nguo zilizotundikwa inaweza kutoa sauti safi, mradi feni izimwe na kuku wawe mbali.

Kuhusu mahali pa kurusha, zama zimebadilika sana. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na tangu 1965 Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyosikilizwa nchi nzima. Mfanyabiashara mdogo wa Mtwara hakuwa na njia nyepesi ya kufika kule. Sheria ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa redio binafsi, Radio One ikaanza mwaka 1994, na leo mikoa yetu ina redio za jamii ambazo mwenye kikundi anaweza kuzifikia kwa bajaji. Anza kurusha msimu wa minada ya korosho, kuanzia Oktoba, malipo ya wakulima yanapoingia. Ni bora wimbo usikike mara nne kwa siku kwa mwezi mmoja kuliko mara moja kwa siku kwa miezi minne, kwa sababu wimbo hushika kwa kurudiwa kabla haujasahaulika.

Ukitumia spika au gari la matangazo, pata ridhaa ya ofisi ya mtendaji wa kata, punguza sauti karibu na shule na hospitali, izime kabisa wakati wa adhana na upitapo penye msiba.

Kabla ya kulipia chochote, ujaribu wimbo. Mpigie jirani ambaye hajawahi kuusikia, mara tatu mfululizo, kisha usiseme lolote. Kesho yake muulize maswali mawili: unauza nini, na wapi? Akijibu yote mawili, wimbo uko tayari. Akiukumbuka mlio na kusahau bidhaa, rudi kwenye mstari wa nne. Watoto nao ni mizani ya kweli. Wakianza kuuimba wakienda kisimani bila kuambiwa, usibadilishe chochote.

Wimbo ukishakamilika, hifadhi nakala mbili za rekodi mahali tofauti, na pamoja na kila nakala andika tarehe, jina la kikundi, nani alitunga maneno, mwito wa nani ulitumika, na ngoma gani ilipigwa. Kisha chukua simu urudi stendi, umwombe ruhusa yule muuza kahawa, na urekodi vikombe vyake pia.